Alama kwenye Mlango wa Okwir

Askari wa lango hakupiga saluti. Alikigeuza kitambulisho cha Inspekta Zulaikha mbele na nyuma, akakirudisha kwa ncha za vidole.

"Ofisi ya nidhamu," alisema. "Subiri hapo."

Hapo palikuwa juani. Ndani ya kambi ya Kikosi cha Mkuki, nyuma ya maghala ya Nakawa, wanaume wenye sare nyeusi walikuwa wakifanya mazoezi kwenye mlango uliosimamishwa peke yake katikati ya uwanja, bila nyumba. Walijipanga mstari, mkono wa kila mmoja begani kwa aliyemtangulia. Waliingia wakigawanyika kulia na kushoto, wakatoka, wakarudia. Mtu wa mwisho alikwenda kinyumenyume, bunduki ikielekea walikotoka, na kila mara aligusa mlango kwa kitu kidogo alichoshika mkono wa kushoto.

"Unatazama nini, mama?" askari wa lango aliuliza.

"Mlango."

"Huo ni wa serikali."

"Na mimi pia," alisema Zulaikha.

Afande Olal alimpokea bila kuinuka. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya chini iliyozoea kutiiwa. Kiti cha wageni kilikuwa kimewekewa kofia ya chuma na hakuna aliyeiondoa, kwa hiyo Zulaikha aliuliza maswali yake akiwa amesimama.

"Nimekuja kuhusu Okwir."

"Gaidi wa Katwe."

"Fundi wa kuchomelea wa Katwe."

"Hata bomu lina fundi wa kulichomelea, afande."

"Nielezee jana."

Olal aliegemea kiti. "Tulipata habari kwamba kuna mtu anatengeneza maganda ya mabomu kwenye karakana yake. Tukaenda alfajiri. Mlango umefungwa. Tukajitambulisha. Jibu likawa risasi, kutoka ndani, ikatoboa bati la mlango. Tukavunja, tukaingia. Okwir bado kashika bastola. Nikampiga. Ndugu yake, Tarcisio, tukamkuta kajibanza nyuma ya mitungi ya gesi. Bastola ipo, ganda la risasi lipo, tundu kwenye mlango lipo. Unataka nini tena? Marehemu aje aseme samahani?"

"Ulimpiga wewe mwenyewe?"

"Sijawahi kumbebesha kijana wangu dhambi yangu."

"Na risasi ya Okwir ilimjeruhi mtu wenu?"

"Mungu mkubwa. Hata mkwaruzo."

"Mlikuta maganda ya mabomu?"

Olal aligeukia dirisha. Zulaikha alikuwa ameshaona vitu vilivyochukuliwa karakanani. Vilikuwa vipande vya bomba na matumbo ya sigiri, yale majiko ya mkaa ambayo Katwe nzima hutengeneza.

"Nataka kumhoji Tarcisio," alisema.

"Umechelewa. Leo alasiri anasomewa mashtaka ya ugaidi. Ukimtaka, mfuate gerezani, upange foleni na wake za wezi."

"Yeye peke yake ndiye aliyekuwa mle ndani, akabaki hai, asiye mtu wako. Ni shahidi."

"Ndiyo maana ni mshtakiwa."

Alilisema bila kucheka. Nje, wale wanaume waliuingia tena mlango usio na nyumba.

"Kazi ya kikosi chako ni nini hasa, afande?"

"Kufungua milango ambayo nyinyi mnaogopa kuigonga. Watu wakishikwa mateka, mnatuita. Mzigo ukikutwa stendi unalia tiki-tiki, mnatuita, tena mnakimbia. Mambo yakitulia, mnatutumia mwanamke wa nidhamu atuulize kwa nini tulikanyaga zulia."

"Naomba mtu wako mmoja. Aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari."

"Kwa nini wa mwisho?"

"Wa kwanza nimeshaongea naye."

Koplo Sulaimani aliletwa kwenye chumba cha kuwekea fulana za kuzuia risasi. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, na alibaki wima kama aliyeitwa kuadhibiwa. Olal alikuja naye, akasimama mlangoni akichokoa meno kwa njiti.

"Asalaam aleikum, Sulaimani," Zulaikha alisema.

"Waleikum salaam, afande."

"Wewe ni mtu wa Bombo?"

"Bombo."

"Mtoto wa nani?"

"Hilo liko kwenye kesi?"

Olal alicheka puani. "Mnubi anamtafuta Mnubi mwenzake. Mwambie, Sulaimani. Pengine ni shangazi yako."

Zulaikha alimtazama Sulaimani shingoni. Chini ya sikio la kulia palikuwa na plasta mpya.

"Shingo imefanya nini?"

"Wembe. Nilikuwa nanyoa."

Ndevu zake zilikuwa zimeota pande zote mbili, ngumu, za siku kadhaa.

"Mtu wa mwisho kazi yake nini?"

"Kulinda nyuma."

"Na nini tena?"

"Kutia alama." Alitoa mfukoni kipande kinene cha chaki ya nta, ya njano. "Chumba kikishakuwa salama, wa kwanza anaita 'Safi!' Hapo natoka, natia mstari wa mshazari kwenye mlango, upande wa nje, juu kushoto kwenda chini kulia. Wanaokuja nyuma wakiuona, wanajua ndani ni sisi. Hawapigi."

"Unaweza kuutia mapema? Mkiwa na haraka?"

Kwa mara ya kwanza alimwangalia usoni. "Mapema vipi?"

"Kabla chumba hakijawa salama."

"Hapana. Alama ya uongo inaua mwenzako. Ataingia akiiamini. Kwa kosa hilo unavuliwa sare siku hiyohiyo." Alikirudisha kile kipande mfukoni. "Mimi hata nikiota siwezi kuutia mapema."

"Jana uliutia?"

Njiti ya Olal iliacha kuchokoa.

"Niliutia," Sulaimani alisema.

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikabaki nje, mbele ya mlango. Nalinda nyuma."

"Ukasikia nini?"

"Amesikia kwamba muda wako umekwisha," Olal alisema. "Sulaimani, uwanjani."

Odoch, konstebo aliyemwendesha, hakuuliza wamefikia wapi mpaka waliposhuka Katwe. Msikiti ulikuwa ukimaliza adhana ya adhuhuri, na hakuna karakana iliyonyamaza kwa ajili yake. Grenda zililia, cheche zilimwagika barabarani, na kila walipopita na pikapu yao ya polisi mtu aliacha nyundo hewani akawasindikiza kwa macho. Mmoja alitema mate. Hakutema mbali na gurudumu.

Mjane wa Okwir, Acen, alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha karakana, miguu ameinyoosha kuziba njia.

"Mmekuja kuvunja nini leo?" aliuliza. "Mlango mmemaliza. Bwana mmemaliza. Shemeji mmembeba. Kimebaki kitanda."

"Pole sana, mama."

"Pole yako irudishe kambini, wakugawie wenyewe."

"Mimi siyo wa kambi ile."

"Sare zinafuliwa karai moja."

Odoch alifungua mdomo, Zulaikha akamnyamazisha kwa mkono. "Ulikuwepo?" alimuuliza mjane.

"Nilikuwa Ggaba, kununua mukene wa kuuza. Ningekuwepo mngeniita gaidi wa samaki."

"Okwir alikuwa na bastola?"

"Alikuwa na kikohozi."

"Nataka kuutazama mlango wake, mama Acen. Kisha nitaondoka. Leo alasiri Tarcisio anasomewa mashtaka, na mlango huu ndio ushahidi wao mkubwa."

Acen alifikiri, kisha akavuta mguu mmoja. Mmoja tu. Walilazimika kupita kwa kujibana.

Mlango ulikuwa wa bati nene lililochomelewa kwenye fremu ya chuma. Okwir aliutengeneza mwenyewe, na viungo vyake vilikuwa laini kiasi kwamba ukipitisha kidole huvihisi. Kufuli lilikuwa limeng'olewa kwa nyundo ya kikosi na bawaba ya chini imekatika. Juu kidogo ya kitasa, usawa wa kifua, lilikuwepo tundu la risasi.

Zulaikha alianza na tundu. Upande wa ndani bati lilikuwa limebonyea, kingo zake laini. Upande wa nje lilikuwa limepasuka na kujikunja kama ganda la ndizi lililomenywa. Aliokota fimbo nyembamba ya kuchomelea, akaipitisha kwenye tundu kutoka ndani. Ilisimama ikielekea nje na juu. Aliyefyatua alikuwa ndani, mkono ukiwa chini, na mlango ulikuwa umefungwa. Kipimo cha tundu kililingana na ile bastola.

"Basi, afande," Odoch alisema polepole. "Mzee Olal alisema kweli."

Acen aliwasikia. "Mmemaliza?" aliuliza, akiinuka kizingitini. "Mnajua kuhesabu tundu. Hongereni."

Kila kitu kililingana, na hakukuwa na kitu cha kumrudisha Tarcisio nyumbani. Zulaikha alitoka nje, akaushika mlango ili aurudishe ulivyokuwa. Ulipojifunga, jua lote liliangukia upande wa nje. Hapo ndipo mstari wa njano ulipoonekana mzima, mpana kama kidole, kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Tundu la risasi lilikuwa katikati yake.

Alisimama akiutazama.

"Odoch, lete lenzi."

Aliinama, uso karibu na bati. Pale mstari ulipofika kwenye tundu haukuruka juu ya michaniko. Ulikuwa umepasuka nayo. Kila ulimi wa bati uliojikunja nje ulibeba kipande chake cha njano mgongoni, kimekunjwa nao, mpaka mahali ambapo mkono wa mtu mwenye chaki usingeweza kufika. Ncha zilizochomoza, ambazo chaki ingezigusa kwanza, zilikuwa chuma kitupu kinachong'aa.

"Mama Acen, mtoto wako anasoma?"

"Imekuhusu nini?"

"Nataka kalamu yake ya nta. Na bati bovu. Na ile patasi ya Okwir ya kutobolea."

Acen aliingia ndani, akarudi na vyote, pamoja na nyundo. Hakumpa Zulaikha ile nyundo.

"Sema unataka nini. Chombo cha bwana wangu nashika mimi."

"Hapa nachora mstari kwanza. Toboa katikati yake, kutokea nyuma. Hapa toboa kwanza, mimi nitachora juu yake."

Acen alipiga mara mbili. Hakukosea hata pigo moja. Zulaikha alichora mstari wa pili juu ya tundu la pili. Nta ilikwama kwenye ncha kali, ikajazana, na nyuma ya kila ncha ikaacha kivuli kisicho na rangi. Kwenye tundu la kwanza mstari ulikuwa umechanika na kukunjwa. Aliviweka vipande viwili kando ya mlango. Odoch aliangalia kimoja, akaangalia kingine, akaangalia mlango.

"La kwanza," alisema.

"La kwanza. Alama ilitangulia, risasi ikafuata."

"Lakini alama hutiwa chumba kikishakuwa..." Odoch aliishia hapo.

"Salama. Kwa hiyo risasi waliyosema iliwakaribisha mlangoni, ilifyatuliwa wakiwa wameshaingia wote na chumba kimeshaitwa safi. Waliufunga mlango, mmoja wao akafyatua ile bastola kutoka ndani ili wawe na tundu la kuonyesha. Wakati huo Okwir alikuwa mikononi mwao, mzima au maiti."

Nyundo ilianguka kutoka mkononi mwa Acen. Aliiacha ilale.

Zulaikha alipiga picha za mlango na vile vipande viwili, akaweka rula kando, akamtumia mwendesha mashtaka, Juliet Adoch, pamoja na maelezo mafupi. Alikuwa hajaiweka simu mfukoni pikapu nyeusi ya Kikosi cha Mkuki ilipoziba njia. Olal alishuka mbele. Nyuma waliruka askari wawili, na Sulaimani wa mwisho.

"Tumekuja kuchukua mali ya kesi," Olal alisema. "Vijana, bebeni mlango."

"Mlango umeshakuwa ushahidi wangu."

"Ushahidi wa nini? Umeona tundu?"

"Nimeliona. Nimeona na alama ya kikosi chako, afande. Risasi imeipasua."

Olal aliukaribia mlango, akauinamia. Aliutazama muda mrefu kuliko mtu anayetazama kitu kisicho na maana. Alipoinuka sauti yake ilikuwa ileile.

"Hii ni Katwe. Kila bati lina chaki. Huyu alikuwa fundi, kajichorea vipimo vyake."

"Chaki ya fundi ni nyeupe, ya unga, inafutika kwa kiganja," Acen alisema. Alilamba kidole, akakisugua kwenye mstari wa njano, akamwonyesha. Kidole kilikuwa safi. "Bwana wangu hakuwahi kununua takataka hii."

"Nani amekuuliza, mwanamke?"

"Unaongea mlangoni kwangu."

Grenda ya jirani ilinyamaza, kisha ya pili. Mafundi walianza kutoka, miwani ya kuchomelea ikiwa imepandishwa vipajini, vyuma bado mikononi. Hawakusogea karibu. Walisimama tu pande zote mbili za njia.

Olal aliwaona. "Sulaimani," alisema bila kugeuka. "Kwenye gari kuna petroli na kitambaa. Safisha huo mlango."

Sulaimani aliileta. Alilowesha kitambaa, akasimama mbele ya mlango, na petroli ikamdondokea kiatuni. Zulaikha aliona tundu, aliona fimbo ya kuchomelea ambayo bado ilikuwa imepita ndani yake, na aliona ilikoelekea. Kwa mtu mrefu aliyesimama nje, ilimwelekea chini kidogo ya sikio.

"Jana ulisimama hapo," alimwambia. "Umewapa mgongo, unalinda nyuma."

Sulaimani alikikamua kitambaa.

"Afande Olal anasema risasi haikumkwaruza mtu. Wewe unasema wembe. Na ndevu hujanyoa."

"Safisha!" Olal alisema.

"Ukisafisha, Tarcisio anahukumiwa kwa risasi iliyokukosa wewe. Nayo haikutoka kwa Okwir."

"Msimsikilize. Wanubi hawa, mmoja akitokwa damu, mwingine analia. Sulaimani, nani alikuingiza kikosini? Nani alikufundisha kushika bunduki?"

"Wewe, afande," Sulaimani alisema.

"Basi futa."

Sulaimani aliinua kitambaa mpaka kwenye mstari. Mkono ulisimama hapo. Kwa mkono mwingine aliibandua plasta. Jeraha lilikuwa dogo, jembamba, na ndani yake mlikuwa na kitu kilichometa kama bati.

"Hakuwa na bastola," alisema. Aliongea akiutazama mlango. "Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Ndugu yake vilevile. Uliita 'Safi,' afande. Nikatia alama. Nilipogeuka nikasikia risasi mbili. Mlango ukafungwa. Halafu hiyo moja ikanipita."

"Unajua unachosema?"

"Chumba kilikuwa salama. Niliandika mimi."

Mkono wa Olal ulishuka kiunoni. Wale askari wawili walimtazama yeye, wakamtazama Sulaimani, kisha wakatazama mafundi waliosimama na vyuma. Mmoja wao alirudi nyuma hatua moja, akaondoka kwenye mstari. Wa pili akamfuata. Olal alibaki peke yake mbele.

Simu ya Zulaikha ililia. Aliiweka sauti ya nje.

"Nimeona picha," Juliet Adoch alisema. "Picha naweza kubishiwa. Mlango sibishiwi. Tarcisio yuko hapa, amefungwa pingu, hakimu anaingia sasa hivi. Ukiuleta mlango na mtu wa kuuelezea, simsomei shitaka lolote. Naomba atoke kizimbani, akae benchi la mashahidi. Unaweza?"

"Mtu ninaye," Zulaikha alisema. Alimgeukia Olal. "Bastola yako, afande. Mpe Odoch."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya ofisi inayouliza kwa nini mlikanyaga zulia."

Hakuitoa. Aliingia kwenye pikapu yake, akafunga mlango kwa kishindo. Dereva wake hakuwasha. Olal alimpigia kelele. Dereva alikuwa ameshika funguo mapajani, akitazama mbele, na mbele mafundi walikuwa wameshasukuma fremu ya geti zito katikati ya njia. Zulaikha aliita doria ya kituo cha karibu ije kumchukua pale alipo.

Sulaimani na Odoch waliung'oa mlango kwenye bawaba iliyobaki, wakaulaza kwenye pikapu, alama ikitazama juu. Acen alipanda, akakaa pembeni yake.

"Mama, wewe baki," Odoch alisema. "Ni kazi ya polisi."

"Mlango ni wangu. Unakokwenda nakwenda."

Sulaimani alivua fulana yake ya kikosi, akaiacha chini barabarani. Alipanda mwisho, akakaa kwa mazoea yake, mgongo kwa dereva, uso nyuma, akiiangalia ile pikapu nyeusi ikipungua. Zulaikha alimfungulia dirisha dogo la nyuma ili amsikie.

Walikuwa wamepita karakana za mwisho Acen alipomgusa begani kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayegonga.

"Wewe uliyekuwa mlangoni. Bwana wangu alisema nini mwisho?"

Sulaimani hakugeuka.

"Alisema, 'Mmekosea mlango.' Alisema taratibu tu, mama. Kama mtu anayemwelekeza mgeni."